Mkono Juu ya Bamba: Maisha ya Dada Yetu, Mhandisi wa Mitambo ya Redio

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wa shirika la matangazo, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, nawasalimu kwa heshima, na kabla sijasoma lolote naomba mnisamehe kwa kuchelewa na kwa viatu hivi vyenye tope, nimetoka mbali asubuhi hii na sikupata nafasi ya kubadilisha, nitaeleza nilikotoka nikifika mahali pake. Familia imenipa kazi hii mimi mdogo wake, fundi wa makochi, si kwa sababu najua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu shemeji yangu, mume wa marehemu, alijaribu juzi kuisoma mezani akashindwa kuvuka mstari wa kwanza. Naomba pia fundi wa spika apunguze kidogo, kile kiboksi chake nyuma ya turubai kinanguruma, na kama dada angekuwa kwenye viti hivi angeshainuka zamani kwenda kukigusa.

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba za watumishi wa posta na simu, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, fundi wa simu za waya, na mama yetu, mshonaji wa nguo za watoto, na wa pili na wa mwisho ndiye mimi, niliyemfuata ziwa. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga alikuwa bado anatafuta mkasi wakati mtoto ameshatoka na anapiga kelele, na kwamba hakuwahi kumbeba mgongoni kwa raha hata siku moja, maana alijinyonganyonga akitaka kuona huko mbele kuna nini. Alitembea mapema, akaanza kupotea mapema, akawa kiguu na njia kabla hajaacha kunyonya, mpaka mama akamfunga kengele ya baiskeli kiunoni ili ajue yuko upande gani wa uwanja. Kengele ile aliifungua mwenyewe siku ya tatu, akatoa kipande kinacholia, akakimeza.

Katika nyumba ile kulikuwa na redio kubwa ya mbao, ya zile zenye taa za vioo ndani, na juu yake alilala paka wetu kila jioni, tangu taarifa ya habari inaanza mpaka inakwisha. Dada alipokuwa na miaka kama saba alimuuliza baba kwa nini paka halali juu ya kabati, baba akajibu kwamba redio ina joto, akauliza joto hilo linamsaidia nani kusikia habari, baba akasema halimsaidii mtu, ni umeme uliopotea njiani, na dada akasema, "Kwa hiyo nusu ya kazi redio inamfanyia paka." Mimi nilikuwa chini ya meza, mdogo mno, ila nimesimuliwa mara nyingi hata nahisi nakumbuka, baba alicheka mpaka akatoka nje, lakini yeye hakucheka, alimwondoa paka, akaweka kiganja pale alipokuwa amelala, akakiacha hapo mpaka habari zikaisha. Nawaambia kweli, kiganja kile hakikuondoka tena pale maisha yake yote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya posta, akamaliza mwaka 1979, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, na kila ripoti aliyoleta nyumbani ilikuwa na alama nzuri na sentensi ile ile ya mwalimu wa darasa, kwamba mwanafunzi huyu hatulii. Huko bwenini aliifungua pasi ya matroni akairudisha ikiwa nzima, akaifungua kengele ya shule akairudisha ikilia yenyewe katikati ya hotuba ya mkuu wa shule, akapewa kufagia ukumbi muhula mzima, na akawa anafagia mbio mbio ili apate muda wa kuchungulia swichi za jukwaani. Oktoba 1986 alijiunga na chuo kikuu, kitivo cha uhandisi, fani ya umeme na mawasiliano, ambako wasichana walikuwa wawili darasa zima, akatunukiwa shahada yake tarehe 24 Novemba 1990, na kwenye picha ya siku hiyo wote wametazama kamera isipokuwa yeye, anatazama nguzo ya taa.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 4 Februari 1991, na shirika la matangazo, idara ya mitambo, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye meza ndefu iliyojaa alama za kuungua, feni inayoyumba, na pembeni pipa la mafuta ambalo ndani yake kimezamishwa kifaa cha kupokea nguvu ya mtambo badala ya antena, ili fundi ajaribu kazi yake bila kuingilia matangazo ya watu. Kwa wale mnaosikiliza redio bila kujua inawafikiaje, na mimi nilikuwa mmoja wenu, sauti inayotoka studio ni dhaifu, haiwezi hata kuvuka barabara, inapofika kwenye mtambo inaingia kwenye amplifaya ya nguvu, ambayo inaikuza na kuisukuma kwenye antena juu ya mnara, na amplifaya hiyo ndiyo inayokula umeme mwingi, ndiyo inayochemka, na ndiyo dada yetu aliyoibuni, akaibomoa, akaibuni upya kwa miaka zaidi ya thelathini.

Alikuwa na desturi yake ambayo wenzake walioko hapa wanaijua. Amplifaya ikiwashwa mezani kwake, kabla mita yoyote haijasomwa, aliweka kiganja cha kulia juu ya bamba la alumini, lile lenye mikunjo ambalo mafundi hulibana nyuma ya transista, vile vipande vidogo vinavyofanya kazi ya kukuza, ili linyonye joto, akafumba macho, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo mpaka yeye aseme. Vipimajoto vilikuwepo, na alivitumia baadaye, lakini alikuwa akisema kwamba kipimajoto kinatoa habari za pale kilipobandikwa tu, wakati kiganja kinasikia bamba zima, kona moja ikielemewa kinajua. Akisema "paka," amplifaya ilirudi kufumuliwa, akisema "baridi," ilifungwa kwenye sanduku na kusafirishwa, na kwa sababu hiyo kazini walimwita Baridi, mtu ambaye hakuweza kukaa kwenye kiti hadi chai ipoe. Fundi mwenzake wa miaka yote, ambaye kwa hasira zake za ghafla anaitwa Fyuzi, aliniambia kwamba walikuwa wakigombana kila siku ya Mungu, na siku asipokuja kazini hakuna kazi iliyokwenda.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, mpima ardhi, mtu anayeweza kusimama nyuma ya darubini yake saa nzima bila kujikuna pua, ambaye alikutana naye pale shirika lilipomtuma apime kiwanja cha mnara mpya na dada akamwambia anapima taratibu mno. Wengi wetu tulisema ndoa ile haitafika mbali, mmoja anakimbia na mwingine anatembea, lakini imefika miaka thelathini kasoro miezi miwili. Picha ya harusi ninayoipenda ni ile ambayo bibi harusi amepiga magoti nyuma ya spika, shela limetupwa begani, kiganja kipo kwenye amplifaya ya ukumbi iliyokuwa imegoma, na bwana harusi amemshikia maua na tochi.

Walijaliwa watoto wawili, binti yao aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1996, ambaye leo ni muuguzi, na kitinda mimba wao wa kiume aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 2001, ambaye ni mwokaji wa mikate, na mama yake alimwonea wivu waziwazi, akasema wewe mwenzangu umechagua kazi ambayo joto ndilo linalotakiwa. Alikuwa mama mwenye upendo na asiye na subira, alisuka nywele za binti yake akiwa amesimama, alisimulia hadithi akazikatisha kabla ya mwisho kwa sababu amekumbuka kitu, na mpini wa kijiko cha mchuzi cha nyumba ile umepinda mpaka leo kwa sababu alikuwa akiviringishia waya za koili wakati wengine wanakula. Mimi nilimkaripia sana juu ya hilo, nikamwambia, "Dada, kaa ule," naye alinijibu kwamba anakula, huku sahani yake haijaguswa.

Hapa narudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo bila hilo hamtaelewa mengine. Aprili 1998, mvua zilipokuwa kubwa, radi ilipiga kituo cha milimani na kuunguza amplifaya yake, kituo ambacho ndicho pekee kilichosikika katika bonde lililo chini yake, na stoo ya shirika ilikuwa na amplifaya tatu za akiba, zote nzima, na hakuna hata moja iliyofaa. Wakati ule amplifaya isiyopoteza umeme ilirekebishwa kwa ajili ya masafa ya kituo kimoja tu, kama waya wa gitaa unavyokazwa kwa sauti moja, ukiipeleka kituo kingine inakataa, ukiilazimisha inaungua. Dada na Fyuzi walikaa mezani kubadilisha koili za mojawapo, wakaondoka nayo, wakakuta barabara imekatika, wakaibeba kwa miguu sehemu ya mwisho wakiwa wameifunika kwa makoti yao, na muda wote huo studio ilikuwa ikisoma tangazo la kuwataka watu wa bondeni wapande juu kukimbia mafuriko, na bondeni redio zilikuwa zikitoa mkwaruzo. Alipofika na kuwasha mtambo, tangazo la kwanza lililosikika bondeni lilikuwa la kutafuta waliopotea.

Hakuna aliyemlaumu, si shirika wala watu wa bondeni, na kwa kweli hakuwa na kosa, alifanya haraka kuliko binadamu yeyote ninayemjua. Yeye hakutaka kusikia hilo, alirudi akiwa amekonda usoni, akakaa nyumbani kwangu kati ya makochi yasiyo na vitambaa, akaniambia, "Zilikuwepo tatu, mdogo wangu, tatu, nzima kabisa." Tangu siku hiyo utundu wa utotoni uligeuka kitu kingine, ukawa hali ya mtu anayesikia anaitwa na haoni anayemwita, na nilimhurumia, ingawa sikumwambia, kwa sababu alichukia kuhurumiwa.

Alichotaka ni rahisi kukisema. Alitaka amplifaya moja itakayokubali masafa yote ya redio, ipelekwe kituo chochote na kuwashwa bila kuguswa koili hata moja, ili ya akiba iwe ya akiba kweli, na papo hapo isimfanyie kazi paka, kwa sababu vituo vya mbali vinaishi kwa jenereta ndogo na paneli za jua, na joto lililozidi huua transista katikati ya tangazo. Waliobobea katika fani hiyo, hata wale aliowaandikia ng'ambo, walimwambia kwamba vitu hivyo viwili kwa nguvu ile ya mtambo vinapatana kwa shida sana, na yeye mwenyewe alikuwa akizunguka chumba akilalamika kwamba ukiipanua inachemka, ukiipoza inabana. Alijaribu, akatupa, akajaribu, wakurugenzi watatu walikuja na kuondoka, na kila mmoja alimkuta amesimama pale pale karibu na lile pipa.

Mwaka 2012 aligundulika kuwa na kisukari, akapokea habari hiyo kwa kumuuliza daktari kama itachukua muda mrefu, na daktari akamwambia itachukua maisha yote. Alimeza dawa zake alipokumbuka, akachoma sindano akiwa anatembea, na miaka ilivyokwenda miguu yake ilianza kufa ganzi, akawa anapoteza kiatu kimoja njiani bila kujua, tukamcheka na yeye akacheka, na hatukujua, hakuna aliyejua, kwamba ganzi hiyo ilikuwa inapanda kwenye mikono pia.

Ijumaa, tarehe 16 Julai 2021, waliwasha amplifaya ambayo alikuwa ameitengeneza upya tangu mwanzo, wakaipitisha masafa yote kutoka chini hadi juu, na yeye akaweka kiganja juu ya bamba, akafumba macho, chumba kikanyamaza, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasema, "Baridi." Fyuzi anasema alimwomba arudie, na akarudia, na hapo hapo kwa mkono wa kushoto alinipigia simu mimi dukani akaniambia, "Ni baridi, mdogo wangu, ni baridi kabisa," na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa nyumba za posta, nikaangusha mkasi, nikafunga duka nikimshukuru Mungu. Nilipofika pale shirika nilikuta amplifaya imezimwa. Fyuzi alikuwa amegeuka kusoma mita, akaona umeme unaoingia ni mwingi kuliko inavyofaa, halafu akasikia harufu, akauvuta mkono wa dada kutoka kwenye bamba, na ngozi ya kiganja ilibaki pale.

Hakusikia maumivu, hata alipoonyeshwa. Binti yake, aliyeitwa kutoka hospitali, alimfunga bandeji palepale kwenye ile meza iliyoungua, analia na kufunga, na dada alikuwa akikitazama kile kiganja kama mtu anayemtazama fundi wake bora aliyemdanganya, na alichosema tu ni kwamba ina maana hata zile nyingine, zile za mwaka jana, hajui. Mimi nilidhani yameisha, nikamwambia shemeji kwamba sasa atatulia, vipimo vipo, wengine wapo, umri nao umekwenda. Shemeji alinitazama kwa upole wake ule akaniambia, "Hivi wewe unamzungumzia nani?"

Haukupita mwezi, akaingia dukani kwangu na bandeji yake, akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akaubonyeza kila mahali, akaniwekea kikombe cha chai ya moto katikati ya kiganja mpaka nikapiga kelele, akasema, "Huu unafaa, twende." Nilimuuliza kwa nini mimi, sijui transista inakaa mkao gani, naye alinieleza njiani kwamba viganja vya Fyuzi vimekomaa kwa kuungua havisikii kitu, binti ana zamu hospitali, na mume wake ni mtu mwema sana, angesema baridi hata akiwekewa mkono kwenye jiko la mkaa ili mkewe alale vizuri, lakini wewe, akasema, hujawahi kunidanganya ili nifurahi, hata tulipokuwa wadogo ulikuwa unaniambia mchoro wangu mbaya. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, nikaenda.

Kuanzia hapo, kwa miaka mitatu, fundi wa makochi alikuwa akiitwa katikati ya kazi, gundi ikikauka na wateja wakisubiri, kwenda kuweka mkono kwenye bamba la alumini, na kila mara nilisema paka. Alinikasirikia, aliniuliza kama najua maana ya baridi, nikamjibu najua maana ya moto, tulizozana mpaka Fyuzi akawa ndiye anayetuamulia, mjue mambo yalikuwa yamefika wapi. Nilichoka, na nilikuwa nikienda shingo upande, lakini nilikwenda, kwa sababu aliponitazama usoni akisubiri nilielewa kwamba hana mahali pengine pa kusikilizia.

Machi 2023 figo zake zilishindwa, akaanza kusafishwa damu hospitali, na akawa anatoka kwenye ile mashine akiwa mweupe wa midomo na kupita moja kwa moja kazini. Siku moja ya mwezi Novemba mwaka huo waliwasha, niliweka kiganja, nikakipitisha kote, na kwa mara ya kwanza bamba lilikuwa tulivu, vuguvugu tu, juu, katikati, kulia, nikaanza kufungua mdomo, na Fyuzi alikuwa amesimama nyuma yake akinitazama kwa macho yanayonisihi, sema, basi, sema. Kisha nikafika kona ya chini kushoto, sehemu ndogo kama sarafu, ikaniunguza. Dada alikuwa amejishikilia ukingo wa meza kwa sababu miguu haikumbeba, na nilitamani kusema lile neno kuliko nilivyowahi kutamani kitu, lakini nikasema, "Kona ya chini, kushoto, paka." Alikaa chini kwenye kiti, na katika chumba kile sikuwahi kumwona amekaa, akaniuliza sehemu hiyo ina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa vidole, na pale pale akaanza kucheka, akamwambia Fyuzi leta bisibisi. Kumbe miaka yote alikuwa akiitilia shaka amplifaya nzima, na tatizo lililobaki lilikuwa kwenye jozi moja tu ya transista iliyokuwa ikibebeshwa mzigo kuliko wenzake, na kipimajoto kilikuwa kimebandikwa katikati, ambako hapakuwa na kitu.

Ilimchukua miezi mingine mingi kugawa mzigo huo sawasawa katika masafa yote, akifanya kazi siku ambazo hakuwa hospitali, na tarehe 19 Septemba mwaka huu wa 2024 amplifaya ilifungwa katika kituo cha milimani, kile kile, yeye ndiye aliyekichagua. Mkurugenzi alitoa sharti kwamba ikae hewani mwezi mmoja bila kukatika na bila kuchemka, vinginevyo shirika litarudi kuagiza za aina ya zamani, na dada hakuweza kupanda huko, kwa hiyo nilikwenda na Fyuzi, nikaweka mkono, nikampigia simu akiwa kitandani. Aliniuliza kama nimeweka kiganja chote au ncha za vidole, nikasema chote, akauliza kona ya chini kushoto, nikasema hata hapo, akauliza ikoje basi, nikatafuta neno, nikamwambia ni kama mgongo wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akasema hiyo ni siku ya kwanza tu, kila kitu ni kizuri siku ya kwanza.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Oktoba, akalazwa, na kila aliyeingia wodini aliulizwa kama redio inasikika, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamjibu kabla hajauliza. Jumatano jioni nilikaa naye, nikamwambia kwamba mkurugenzi amepiga simu, anasema mambo ni mazuri, akatikisa kichwa kwenye mto akaniambia, "Usiniletee walivyosema, mwezi ukiisha nenda kaweke mkono." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa amemshika ule mkono wenye kovu, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi huo utimie. Ijumaa tangazo la msiba wake lilisomwa redioni, na watu wa bondeni walioko hapa nasi leo walilisikia, na lilipowafikia lilikuwa limepita ndani ya amplifaya yake mwenyewe.

Amemwacha mume, watoto wawili, mdogo mmoja, na idara nzima ya mitambo isiyojua imgombeze nani. Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wake aliyemvumilia miaka kumi na miwili akimfuata kwenye korido ili amalizie kumpa maelekezo, wauguzi wa wodi na wa chumba cha kusafishia damu ambao walimruhusu aiguse mashine yao nyuma ingawa hairuhusiwi, majirani mliokesha nasi na kupika tangu Alhamisi, shirika la matangazo kwa gari na turubai, na wewe Fyuzi, usiinamishe kichwa, familia inajua ulivyombeba.

Sasa kuhusu viatu. Mwezi uliotakiwa ulitimia juzi Jumamosi, mkurugenzi akatangaza kwamba amplifaya imekubaliwa na nyingine za namna hiyo zitatengenezwa kwa vituo vyote, tukapewa pole na pongezi kwa pamoja, na shemeji akaniita pembeni akaniuliza kama nakumbuka dada alisema nini. Jana mchana nikaondoka, mvua ilikuwa imenyesha, gari likakwama chini ya mlima, nikapanda kwa miguu, nikalala kwa mlinzi wa kituo, na asubuhi hii kulipopambazuka nimeingia chumba cha mtambo, studio ikiwa inasoma hali ya hewa ya bondeni.

Dada, sikuletei walivyosema. Nimeweka kiganja chote, si ncha za vidole, nimekipitisha juu, katikati, kulia, na kona ya chini kushoto nimekaa nayo mpaka hali ya hewa ikaisha. Unanijua sijawahi kukudanganya ili ufurahi. Paka hawezi kulala pale. Ni baridi, dada yangu, kaa sasa, pumzika kwa amani.